Kichwa Kisicho na Picha

"Hapo," alisema Bupe. "Hapo hapo. Usisogee."

Subilaga hakusogea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, mikono ikiwa hewani mbele yake kama mtu aliyeshikishwa uzi wa kufuma kisha mwenye uzi akaondoka. Bupe alikaa upande wa pili wa chumba akiwa amempa mgongo. Wote wawili walivaa fulana za kijivu zilizobana, zilizofumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hawakutazamana. Hawakuhitaji kutazamana.

"Umelisikia?" Subilaga aliuliza.

"Bega la kushoto. Linavuta kwa ndani, halafu linakataa." Bupe akacheka. "Linakataa kama mbuzi anayepelekwa sokoni."

"Basi fundo hilo halifunguki."

"Halifunguki hata ukiliombea."

Nje, mvua ya Tukuyu ilikuwa imeshuka tangu alfajiri bila papara, kama mgeni anayejua kwamba atalala hapo hapo. Kule bondeni, mashine za kuchuma chai zilikuwa zimejikunja kati ya mistari ya michai zikisubiri jua, migongo yao ya bati iking'aa. Subilaga alishusha mikono taratibu. Alisikia mabega ya Bupe yakishuka pamoja na yake, akafumba macho ili asikie vizuri zaidi. Ilikuwa raha ambayo hakuwa na jina lake.

Kazi yao ilikuwa mafundo. Chukua kamba, ivuruge utakavyo, kisha unganisha ncha zake mbili iwe pete. Je, pete hiyo inaweza kunyooka ikawa duara tupu bila kukatwa? Fundo likiwa dogo, hata mtoto atakujibu. Lakini katika nyuzi za uhai zilizomo ndani ya seli iliyoharibika, kamba hujipisha juu na chini mara nyingi mno, na watengeneza dawa walitaka kujua ni zipi zinafunguka na zipi hazifunguki. Mashine za kukokotoa ziliyazunguka mafundo hayo mpaka zikapata joto. Subilaga hakuyazunguka. Kompyuta ilimsomea mapishano, juu, chini, chini, juu, naye akayafuata kwa viganja, na fundo likaingia mwilini mwake. Likiwa la kufunguka, uti wa mgongo wake ulilegea wenyewe. Likiwa halifunguki, bega lilivuta. Kuthibitisha kwa alama za hisabati kulikuja baadaye, na alama hazijawahi kulikana bega.

Chuoni walimcheka. Mhadhiri alikuwa akisema, "Chora umbo kichwani, ligeuze, unaona nini?" na wenzake wakafumba macho wakajibu. Subilaga yeye alichezesha mikono chini ya dawati. "Subi anakamua ng'ombe tena!" waliita, na darasa zima likaangua kicheko. Yeye alidhani wanamcheka kwa sababu anafanya waziwazi kile ambacho wao wanakifanya kwa siri. Alidhani "kuchora kichwani" ni namna ya kusema tu, na kwamba kila kichwa kina giza lile lile kama chake.

Ndipo akabuni punje. Ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi, ikapandikizwa nyuma ya sikio, ikatoa mizizi myembamba ndani ya ubongo, na kupitia fulana ikapokea ulichokisikia mwili wa mtu mwingine. Yeye mwenyewe hakuhitaji punje; fulana ilimvuta kidogo tu pale mwili wa mwenzake uliposogea. Yeye alikuwa chemchemi. Alihitaji mtu wa kupokea. Watu wengi wa kituo cha utafiti walitoa udhuru. Bupe, mwanahisabati aliyekuwa ametoka kumzika mama yake na hakuwa na hamu ya kurudi nyumbani, alisema, "Niwekee mimi. Kichwa changu kwa sasa kinanisumbua tu."

Siku ya kwanza Bupe aliposhtuka na kushika bega lake mwenyewe akisema, "Ee, ndiyo hivi?", Subilaga alilazimika kutoka nje na kusimama kwenye mvua, maana hakutaka mtu amwone akilia.

*

Jiko la kituo lilikuwa na joto. Baba Kissa, mpishi, alikuwa akigeuza ndizi kwenye sufuria huku akiongea na redio. Bupe alijimiminia chai, akakaa juu ya gunia la viazi, akanyoosha miguu.

"Nimenenepa," alisema. "Umeona, Subi? Shangazi alinipigia jana, nikamwambia, shangazi, nimepona."

"Umepona nini?"

"Mama." Alipuliza chai. "Unajua tangu msiba, kila nikifumba macho alikuwa pale kwenye kile kitanda cha hospitali. Mirija puani, mdomo wazi. Nikilala, kitanda. Nikiomba, kitanda. Sasa hakuna kitu. Nafumba macho, giza, nalala kama gogo."

Subilaga alitabasamu. "Unavyosimulia, kama vile ulikuwa unamwona kweli."

"Si nilikuwa namwona."

"Ulikuwa unamkumbuka."

"Nilikuwa namwona, mwenzangu. Kama ninavyokuona wewe hapo, ila kwa kufifia kidogo."

"Acha utani wako."

"Utani gani?" Bupe alimtazama juu ya kikombe. "Kwani wewe ukimkumbuka mtu huwa humwoni?"

Subilaga alicheka, lakini Bupe hakucheka. Alimgeukia mpishi kama mtu anayetafuta shahidi.

"Baba Kissa, fumba macho."

"Ndizi zitaungua."

"Kidogo tu. Nikikwambia ng'ombe, unaona nini?"

Baba Kissa alifumba macho, mwiko ukidondosha mchuzi sakafuni. "Namwona ng'ombe. Yule wa baba, mwekundu, pembe moja imevunjika. Anakula majani ya watu, mshenzi." Akafumbua macho. "Kwani ulitaka nione nini? Tembo?"

Bupe aliangua kicheko. Kisha naye akafumba macho kujaribu. Subilaga alimwona akikunja uso taratibu, kama mtu anayetafuta funguo mkobani na vidole vyake havizipati.

"Ajabu," Bupe alisema. "Mimi leo ng'ombe hata mmoja haji. Labda ni uchovu."

Akanywa chai yake, akahamia mambo mengine. Subilaga alibaki ameshika ukingo wa meza.

*

Daktari Anyelwisye alikuwa mtu mzima, mpole, aliyependa kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito. Subilaga alimkuta akimwagilia ua lake la pekee dirishani, ingawa mvua ilikuwa ikilimwagia kutoka upande wa pili.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile, umelalaje?"

"Ndaga, salama." Alikaa kabla hajakaribishwa. "Nataka umpige Bupe picha ya ubongo. Sehemu ya nyuma, ile ya kuonea."

"Macho yake nilishayapima. Ni mazima."

"Si macho. Kile kinachoona wakati macho yamefumbwa."

Daktari alivua miwani.

Walimwita Bupe, wakamwambia ni kipimo cha kawaida. Alilala kwenye mashine huku akipiga soga, akaondoka akiimba. Kisha daktari aliweka picha mbili kwenye kioo, ubavu kwa ubavu. Ya zamani ilikuwa ya Bupe kabla ya punje: alipoambiwa afikirie nyumba yao, sehemu ya nyuma iliwaka kama jiko lililopulizwa. Katika ile ya leo, aliambiwa hivyo hivyo, na sehemu hiyo ilikuwa baridi. Mizizi ya punje ilikuwa imepita hapo hapo na kuitwaa nafasi kwa kazi yake.

"Na hii?" Subilaga aliuliza, akionyesha picha ya tatu pembeni, yenye baridi ile ile.

"Hiyo ni yako. Ya mwaka juzi." Alizungumza kwa upole. "Wapo watu wa namna yako. Si wagonjwa. Wengi wao hawajijui mpaka waulizwe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Na vipimo vya punje uliviandika wewe. Uliniambia nipime macho, usingizi, kumbukumbu, mizani ya miguu. Nikapima."

Ilikuwa kweli. Alikaa wiki nzima akijiuliza mtu anaweza kupoteza nini, akaorodhesha kila alichokuwa nacho mwilini mwake, akakilinda. Kile ambacho hakuwa nacho hakikumjia. Alikuwa amempimia Bupe nguo kwa mwili wake mwenyewe.

"Kinaweza kurudi?"

"Mizizi bado michanga. Nikiitoa mwezi huu, nadhani kitarudi, kama si chote. Ikishashika, nitatoa punje lakini kilichofunikwa kitabaki kimefunikwa." Alifuta miwani kwa ncha ya koti. "Lakini sikiliza, Subilaga. Binti huyu aliletwa kwangu akiwa hapati usingizi. Sasa analala, anakula, anacheka mpaka ukumbi mzima unasikia. Wapo watu wangetoa chochote wasione wanachokiona. Ukiniuliza mimi, mgonjwa wangu ameacha kuteseka. Sijui kama ni hekima kumwamsha."

"Kwa hiyo nisimwambie?"

"Sijasema hivyo. Nimesema sijui."

Subilaga alitembea kurudi chumbani kwake chini ya majani ya migomba yanayodondosha maji. Alijiambia atamwambia kesho asubuhi. Asubuhi Bupe alifika na karanga mfukoni na hadithi ya shangazi yake aliyegombana na roboti ya posta, na Subilaga akasema kesho. Siku iliyofuata akasema tena kesho.

Si kwamba alikuwa na uongo wowote wa kujidanganya nao. Alijua vizuri kinachomzuia. Kabla ya Bupe, alikuwa ameishi ndani ya mwili wake kama mtu anayezungumza lugha iliyobaki na msemaji mmoja. Wanaume wawili walishawahi kumpenda, na wote wawili walimwambia, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba akiwa anafikiri huwa hayupo. Alikuwepo. Alikuwa pale pale, bega likivuta, na hakukuwa na namna ya kumwambia mtu, njoo ushike huku uone linavyovuta. Sasa yupo anayeshika. Akisema neno moja, atarudi kuwa peke yake, na safari hii atakuwa anajua anachokosa.

*

Alhamisi walipewa fundo kubwa kuliko yote waliyowahi kupewa.

Kompyuta ilisoma kwa muda mrefu. Subilaga alifuata, viganja vikipanda na kushuka, na kwa mbali alisikia Bupe akifuata naye, akichelewa kidogo kama sauti ya pili kwenye kwaya. Fundo lilijaa mabegani, likashuka kiunoni, likazunguka magoti. Lilikuwa zito. Bega la kushoto likaanza kuvuta, na Subilaga akawa karibu kusema kwamba halifunguki.

"Subiri," alisema Bupe. "Geuza kiuno."

"Upande gani?"

"Kulia. Kama unampisha mtu mlangoni."

Subilaga aligeuza kiuno kama anayempisha mtu mlangoni. Kitu kikateleza. Kamba nzima, na mazonge yake yote, ikapita mahali pembamba ambapo yeye peke yake asingepaona kamwe, na uti wa mgongo wake ukalegea pingili baada ya pingili, na wa Bupe ukalegea nyuma yake, mpaka wote wawili wakajikuta wameinama mbele wakihema na kucheka kama watoto walioteleza kwenye kilima chenye matope.

"Limefunguka!" Bupe alipiga kelele. "Mama wee! Umelisikia lilivyopita?"

Mpaka hapo, mchango wa Bupe ulikuwa kupokea tu. Leo alikuwa amefikiri kwa mwili, kwa njia yake mwenyewe, na Subilaga ndiye aliyefuata. Hakuwahi kufuatana na mtu namna hiyo. Alitamani siku hiyo isogee polepole.

Bupe aligeuka kwenye kigoda, uso unang'aa. "Ningemwambia mama," alisema. "Asingeelewa hata chembe, lakini angepiga kigelegele. Angekuwa pale jikoni anamenya ndizi, kitenge amekiuma kwa meno, angegeuka hivi..."

Mkono wake, uliokuwa umeinuka kuonyesha mama anavyogeuka, ulibaki hewani.

"Angegeuka hivi," alirudia, taratibu zaidi. Akafumba macho.

Subilaga aliisikia hofu hiyo kupitia fulana, ingawa fulana ilitengenezwa kupeleka mwendo wa mwili tu: au labda hakuisikia, labda ni uso wa Bupe tu. Alivua fulana yake. Alipoivuta kupita kichwani alikaa kidogo humo ndani, kwenye kijivu kile, kisha akatoka.

"Hutamwona," alisema. "Ni punje. Imefunika mahali unapoonea picha. Zote, si ile ya kitanda peke yake. Sikujua kama mahali hapo papo, Bupe. Mimi sina. Nilidhani hakuna mwenye napo."

Mvua ilisikika yote, kila tone lake.

"Najua ana kovu kidevuni," Bupe alisema, macho bado yamefumbwa. "Najua kama ninavyojua kwamba Rungwe ni mlima. Lakini simwoni. Nimemtafuta jikoni, hayupo. Na jiko lenyewe halipo." Akafumbua macho. "Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo."

"Na asubuhi hii umenifunga fulana kwa mikono yako, ukaniuliza kama imenibana."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Subilaga alikuwa na majibu mengine, ya daktari, ya usingizi, ya unene. Yalikuwa mazuri na yangeweza kupita. "Nilitaka mara moja zaidi," alisema.

Bupe hakupiga kelele. Alianza kujifungua fulana, na vifungo vilipomshinda mgongoni Subilaga alinyoosha mkono, lakini Bupe akasogea pembeni, akajipinda mpaka akavifikia mwenyewe.

"Inatoka lini?"

"Ukitaka, kesho. Ikitoka hutasikia tena... Na huenda kitanda kikarudi pamoja na jiko."

"Kitanda ni cha mama yangu," Bupe alisema. "Usinichagulie."

Akaitundika fulana kwenye msumari kwa uangalifu, akatoka.

*

Daktari alitoa punje Ijumaa. Subilaga hakwenda. Alikaa chumba cha mafundo na kuandika uthibitisho wa lile fundo kubwa kwa alama, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye ile hatua ya kumpisha mtu mlangoni aliandika jina la Bupe kando yake. Kisha alituma ujumbe kwa watu wa shule waliokuwa wanakuja kuangalia kama punje inafaa kwa watoto wanaoshindwa hesabu. Aliwaambia wasije, na akawaeleza sababu bila kuipamba.

Siku zikapita. Walipishana kwenye baraza la kituo, wakasalimiana kwa adabu kama watu wa ofisi mbili tofauti. Baba Kissa alikuwa akipakua sahani mbili kwa mazoea, kisha anarudisha moja.

Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, mlango wa Subilaga uligongwa. Bupe alisimama hapo na kitambaa cheupe nyuma ya sikio, macho mekundu.

"Amerudi," alisema.

Aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa, kama zamani.

"Kitanda kwanza. Mirija yote, mdomo wazi. Shetani gani huyo, Subi, anayeanza na kitanda?" Alijifuta pua kwa kiganja. "Nimelia tangu alfajiri. Halafu nikaangalia vizuri, nikaona mkono wake uko juu ya shuka. Pete ameigeuzia ndani, kama anavyofanya akitaka kukanda unga. Nilikuwa nimeusahau huo mkono."

"Na jiko?"

"Bado. Daktari anasema huenda, na huenda isiwe." Alimtazama. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nyingi."

"Najua, Bupe."

Mvua ilikuwa imepungua, na bondeni mashine moja ya chai ilijinyoosha, ikaanza kutambaa kwenye mstari wake.

"Mama yako naye alifariki," Bupe alisema baadaye. "Uliniambia. Sasa wewe unamkumbukaje, kama humwoni?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwenye msiba ndugu walinong'ona kwamba binti huyu hana machozi, anasahau upesi, na yeye alikuwa amewaamini nusu nusu.

Subilaga alisimama katikati ya chumba. Alirudisha mikono nyuma, akaifunga kiunoni kama anayemshikilia mtoto mgongoni, akainama kidogo. Mama yake alikuwa na mguu mmoja mfupi tangu alipoanguka na mkungu wa ndizi kwenye mteremko, na mtoto aliyebebwa mgongoni kwake alibembea kwa namna ambayo hakuna mgongo mwingine uliobembea. Subilaga alitembea. Hatua fupi ikizama, hatua ndefu ikipanda, bega la kulia likitangulia, pumzi ikitoka kila mguu mfupi unapogusa chini. Mama yake alikuwa hapo mzima, uzito wake, joto lake, haraka yake ya kuwahi kabla maji hayajachemka. Alitembea mpaka ukutani, akageuka, akarudi.

Bupe alimfuata kwa macho. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka kwenye bega lake la kushoto, ukalibonyeza, ukasubiri.

"Sisikii kitu, Subi," alisema.

"Najua."

"Usiache."

Subilaga akafika dirishani, akageuka, akaanza upya, mguu mfupi kwanza.